Sahihi ya Tarehe Kumi na Mbili

Sahihi ilikuwa yake mwenyewe.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Faili wiki iliyopita: ameinama juu ya rejesta ya masjala, kidole chake cha shahada kimeganda kwenye mstari wa kumi na tisa. Mstari huo ulisema kwamba tarehe kumi na mbili faili la Rasimu ya Sera ya Taifa ya Mawasiliano lilitoka masjala kwenda Chumba cha Seva. Aliyelitoa ni yeye.

Lakini tarehe kumi na mbili Mama Faili hakuwa kazini. Alikuwa hospitali, mwendo wa saa tatu kwa basi, akimsubiri dada yake atoke kupasuliwa jicho.

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Mkia wa herufi ya mwisho ulijikunja vilevile anavyoukunja yeye. Hakuna mtu aliyeiga sahihi hii. Ilitoka mkononi mwake.

"Umeiona, eh?"

Mama Faili alishtuka nusura aangushe kiti. Mlangoni alisimama Mkaguzi wa Ndani, yule ambaye ofisi nzima humwita Pua kwa sababu hunusa mpaka vikapu vya taka.

"Bisha hodi, baba. Hapa si sokoni."

"Nimebisha mara mbili. Ulikuwa mbali." Pua akaingia, akaegemea kabati la chuma. "Rejesta hiyo nimeisoma tangu jana. Nilikuwa nangoja uione mwenyewe ili nikutazame uso."

"Na uso umekwambia nini?"

"Umeniambia sahihi ni yako."

"Inafanana na yangu."

"Inafanana na yako, mama, kama unavyofanana na picha ya kitambulisho chako. Tena picha ndiyo iliyokosea kidogo." Hakucheka. "Ukurasa wa thelathini na moja wa rasimu umebadilishwa. Wewe ndiye uliyenijia juzi mbio mbio kuniambia. Nikajiuliza, mtu anayepiga kelele za mwizi kabla hajaulizwa, anatafuta nini?"

"Anatafuta mwizi."

"Au anajificha nyuma ya kelele. Faili linakwenda kwa Waziri leo saa kumi jioni. Kabla ya saa nane nataka maelezo yako kwa maandishi. Na usisahau kunieleza kwa nini lilikwenda Chumba cha Seva. Anayekaa kule ni mkweo, au nimekosea?"

"Hujakosea."

"Mume wa binti yako."

"Ndiyo maana ya mkwe, baba."

Pua akatoka. Mlango ukabaki wazi, kana kwamba alitaka kila apitaye ukumbini amwone mama huyu na rejesta yake.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo.

Kwa msomaji aliyekosa gazeti la wiki jana, habari ya ukurasa huo ni fupi. Wakala anakofanya kazi Mama Faili ndio unaoshika usukani wa sera ya kompyuta, simu na mtandao kwa nchi nzima. Kamati ilikaa miezi minane ikaandika kwamba taarifa za mwenye simu, yaani jina lake, mahali alipo na anaozungumza nao, hazitatolewa kwa yeyote bila amri ya mahakama. Mtu fulani akauchomoa ukurasa huo usiku au mchana, akachomeka mwingine wenye namba ileile. Huo mpya ulisema taarifa hizo "zinaweza kutolewa kwa mshirika yeyote atakayeidhinishwa na Wakala."

Maneno machache tu. Lakini jicho alilokuwa akipasuliwa dada yake Mama Faili liliumizwa na ngumi ya mume. Dada huyo alikimbia, akahama mji, akabadili namba ya simu. Mume alikuwa bado anamtafuta. Waziri akitia sahihi rasimu ile jinsi ilivyo, mume hatahitaji kutafuta. Atamtafuta tu mshirika.

Mama Faili akajishika kiuno, akaanza kufikiri kwa utaratibu, kama anavyotafuta faili lililopotea.

Kanuni ya masjala ilikuwa moja: hakuna faili kutoka bila sahihi ya mtunza masjala. Na mtunza masjala alikuwa mmoja, yeye. Wakala huo huo uliokuwa ukizunguka nchi nzima kuhubiri serikali isiyo na karatasi, ulikuwa ukiendeshwa kwa mafaili ya jalada la kijani, yaliyofungwa kwa uzi, yakizungushwa kwa kikapu. Yeye akiugua siku moja, wakubwa walikaa wakitazamana.

Ndiyo maana alikuwa na kamchezo kake.

Alipokumbuka kamchezo hako, alirudi kwenye rejesta, akahesabu mistari kwa kidole.

Ijumaa tarehe tisa, kabla ya kwenda kwa dada yake, alitia sahihi mistari mitano mitupu ya rejesta. Akauacha ufunguo mapokezi. Mkubwa mwenye haraka angejichukulia faili, angejaza tarehe na namba kwenye mstari mmoja, na kazi isingelala. Kusaini mbele, ndivyo watunza masjala walivyokuita wenyewe. Kulikatazwa na kanuni, lakini kila mtunza masjala alifanya hivyo.

Sasa nani alijua?

Mtu mmoja tu alimwona. Mtu aliyekuja Ijumaa ile kumbebea mkoba mpaka kituo cha basi, akachungulia begani kwake, akasema kwa utani: "Mama, unasainia hewa?"

Mkwe wake.

*

Chumba cha Seva kiko chini kabisa ya jengo. Baridi yake huingia mpaka kwenye meno. Mitambo imepangwa kama makabati ya jikoni, inanguruma, inakonyeza taa zake za kijani.

Mkwe huyo, Fundi kama alivyoitwa na wote isipokuwa mkewe, alikuwa ameinamia meza. Aliposikia viatu, akasukuma kitu chini ya kibodi.

"Shikamoo, mama. Umekuja kuota baridi?"

"Marahaba. Toa ulichoficha."

"Nimeficha nini tena?"

"Mwanangu, mimi nimelea wanne. Toa."

"Ni mambo ya kazi, mama."

"Tarehe kumi na mbili faili langu lilikuja humu?"

Fundi akageuza macho. "Sikumbuki."

"Hukumbuki! Wewe unayekumbuka namba ya kila waya uliomo humu ndani!" Sauti ilimpasuka. "Nimekupa binti yangu. Ana mimba ya miezi minane. Kama umeuza ukurasa ule, niambie sasa hivi nijue namna ya kumwambia mkeo."

Fundi alimkodolea macho. Kisha alifanya jambo ambalo Mama Faili hakulitarajia hata kidogo. Alicheka. Kicheko kikavu, cha mtu aliyechoka.

"Yaani unadhani ni mimi?"

"Nani mwingine aliniona nikisaini?"

Polepole Fundi akainua kibodi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama Faili akaikunjua. Pembeni juu, kwa wino mwekundu, kulikuwa na namba aliyoiandika yeye kwa mkono wake. Ukurasa wa thelathini na moja. Ule wa kamati. Wenye mahakama.

"Umeipata wapi?"

"Ghorofa ya juu. Jumatatu ile waliniita, mashine ya fotokopi imekwama. Karatasi hii iko kwenye boksi la karatasi chafu, linangoja kusagwa. Nikaona wino wako mwekundu. Nikasoma. Nikalinganisha na ile iliyoletwa kuchapwa kwa ajili ya Waziri. Nikajua kuna kitu kimeoza."

"Na siku zote hizi umekaa kimya?"

"Jana Pua alikuja na picha ya rejesta kwenye simu. Akanionyesha sahihi yako." Fundi akashusha sauti. "Mama, nilidhani ni wewe."

"Mimi!"

"Nilidhani wamekutisha, au wamekurubuni. Pua akaniuliza kama faili lilikuja huku. Ningesema halikuja, sahihi yako ingekuwa ya uongo. Ningesema lilikuja, mwizi ningekuwa mimi. Nikasema sikumbuki. Nilikuwa nakufichia."

Walitazamana, mama mkwe na mkwe, kila mmoja na aibu yake.

"Miaka mitatu unakula kwangu kila Jumapili," Mama Faili alisema mwishowe, "na bado unanidhania mwizi."

"Na wewe umeniozesha binti ukanidhania mwizi. Tuko sawa bin sawa."

Hata katika shida ile, mdomo wa mama ulitaka kucheka.

"Fotokopi ya juu inatumiwa na wangapi?"

"Wanane."

"Wanane ni wengi. Nipe mwanga."

Alikuwa ameibeba rejesta kwapani, maana hakuwa tayari kuiacha peke yake tena. Akaifungua juu ya meza. Safari hii hakuitazama sahihi. Aliitazama namba ya faili iliyojazwa kando yake.

Akaiwekea kidole.

"Soma hapa," alisema.

"M, saba, mkwaju, mbili. Ni namba ya faili, si ndiyo?"

"Ndiyo. Lakini si ya leo. Jalada la faili lile limeandikwa namba mpya, ndefu, ya tarakimu tisa. Hii hapa ni namba ya zamani, ya masjala ya wizara, kabla Wakala haujazaliwa. Ilikufa miaka kumi na moja iliyopita. Haipo popote kwenye jalada. Huwezi kuinakili. Huiandiki mpaka uwe nayo kichwani."

"Pua hajaona?"

"Pua alikuja juzi juzi tu. Ataionaje?"

"Na nani anayo kichwani?"

"Waliolifungua faili la sera siku ya kwanza, kule wizarani. Miaka thelathini sasa. Tulikuwa wawili. Mimi, na karani mdogo mmoja, mwembamba kama kijiti cha kiberiti."

"Yuko wapi huyo karani?"

Mama Faili akanyoosha kidole juu, kwenye dari.

"Ghorofa ya mwisho," alisema. "Siku hizi anaitwa Mkurugenzi Mkuu."

Fundi akashika kichwa. "Mama, usiende huko peke yako."

"Nitakwenda. Wewe kaa hapa na usifungue mdomo mpaka nirudi."

"Nitakuwa nyuma yako. Nakuapia."

*

Saa nane kamili, Pua akingoja maelezo ofisini kwake, Mama Faili aligonga mlango wa Mkurugenzi.

"Karibu, mama! Shikamoo!" Mkurugenzi alisimama kwa heshima zote. Hakuwa mwembamba tena. "Mbona umepanda ngazi? Ungeniita, ningeshuka."

"Marahaba, Kijiti."

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa kwa miaka mingi. Tabasamu la Mkurugenzi likabaki usoni, lakini lilikuwa kama koti lililosahaulika kwenye msumari.

Mama Faili akaiweka rejesta mezani, juu ya faili la kijani lililokuwa tayari pale. Akaonyesha mstari. Mkurugenzi akasoma. Akasoma tena. Akavuta pumzi.

"Mkono una ukaidi wake," alisema taratibu. "Huandika ulichojifunza kwanza."

"Nani alikwambia kwamba nilisaini mbele?"

"Kuniambia?" Alionekana kushangaa kweli. "Mama, si wewe uliyenifundisha? Ulikuwa na mimba ya binti yako huyuhuyu. Kila Alhamisi unakwenda kliniki. Ukaniambia, 'Kijiti, mimi nasaini, wewe jaza.' Nilijua tu kwamba hujaacha."

Mama Faili alikaa bila kukaribishwa. Tangu juzi alikuwa akimsaka aliyeufungua mlango, kumbe mlango aliufungua yeye, miaka thelathini iliyopita, akamkabidhi karani mdogo mwenye njaa ya kupanda.

"Kwa nini, Kijiti?"

"Dunia nzima inafanya hivyo. Taarifa ni mali. Zikikaa kabatini zinaoza."

"Dada yangu si mali."

"Sijui habari za dada yako." Akafungua faili, akaligeuza kuelekea kwa mama, akatoa kalamu mfukoni. "Tusipotezeane muda. Andika dokezo dogo hapa chini. Kwamba tarehe kumi na mbili ulimkabidhi Fundi faili hili, kwa maneno ya simu, naye hakukwambia atalifanyia nini. Basi. Yeye bado kijana, atapata kazi kwingine. Wewe utastaafu kwa sherehe, tukupige picha."

"Nisipoandika?"

"Utakwenda wewe pamoja naye. Sahihi ni yako. Pua anaamini macho yake, na macho yake yameona sahihi."

Mama Faili akaichukua kalamu. Mkurugenzi akaegemea kiti, akafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia mvua baada ya kiangazi.

Aliandika kwa mwandiko wake wa masjala, herufi zilizosimama wima:

*Mheshimiwa Waziri. Mimi mtunza masjala nilitia sahihi mistari mitano mitupu ya rejesta tarehe tisa, kinyume cha kanuni. Kosa ni langu na nalikubali. Mstari mmoja ulitumika kutoa faili hili siku ambayo sikuwepo kazini. Ukurasa wa 31 uliomo si wa kamati. Ukurasa wa kamati nimeuambatisha.*

Akatia sahihi. Akatoa kifuani karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitoboa, akaifunga kwa uzi wa faili, akaitia namba kwa kalamu yake nyekundu.

Mkurugenzi alifumbua macho. Akavuta faili. Kadiri alivyosoma ndivyo rangi ilivyomtoka.

"Umemwaga unga wako mwenyewe," alinong'ona.

"Ni wangu. Naumwaga nitakako."

"Nitaing'oa karatasi hii."

"Ing'oe." Mama Faili akasimama. "Dokezo langu liko chini ya sahihi ya mwanasheria na chini ya sahihi yako, karatasi ileile. Ukiling'oa, umezing'oa zote tatu, na rasimu haina idhini. Mwanasheria amesafiri tangu asubuhi. Nilikufundisha hilo pia, au ulikuwa umesinzia?"

Alilitia faili pamoja na rejesta kwenye mfuko wa turubai aliokuja nao, akaufunga, akaudondoshea lakiri, akaupiga mhuri mbele ya macho ya bosi wake. Faili la siri hupelekwa kwa Waziri mkononi mwa mtunza masjala, na mpaka saa ile mtunza masjala alikuwa bado ni yeye.

Aliutarajia ukali. Alitarajia hata Mkurugenzi ausimamie mlango. Lakini bwana yule alitulia ghafla, akatazama saa yake, akainua mkono wa simu. Alisema neno moja tu:

"Sasa."

Akaurudisha mkono wa simu mahali pake. "Nenda, mama. Sikuzuii. Waziri anangoja."

Utulivu huo ulimtisha Mama Faili kuliko kelele zote.

Alishuka ngazi ghorofa sita, mfuko kaukumbatia kama mtoto mchanga. Hakukutana na mtu. Kwa Waziri ni mitaa miwili tu, na saa ilikuwa tisa kasorobo. Alipofika chini alisukuma mlango wa kwanza wa kioo, akaingia kwenye kile kijumba cha kioo kilicho kati ya ofisi na ukumbi wa wageni, mlango ukajifunga nyuma yake. Akaweka kadi yake kwenye kisomeo cha mlango wa pili.

Taa nyekundu.

Akaifuta kadi kwa kiganja, akaiweka tena. Nyekundu. Akageuka kurudi alikotoka. Nyekundu pia. Alikuwa amefungwa katikati, mbele kioo, nyuma kioo.

Kadi za jengo lile hufungwa na kufunguliwa na mtu mmoja tu, naye si Mkurugenzi.

Alimwona. Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya mapokezi, kompyuta ndogo imefunguliwa mbele yake, vidole bado viko juu ya kibodi. Mama Faili akakigonga kioo kwa ngumi.

"Fungua! Fungua, mwanangu!"

Fundi aliinua uso. Mashavu yake yalikuwa yamelowa. Akatikisa kichwa, mara moja tu, kisha akatazama upande wa makochi ya wageni.

Mama Faili akafuata macho yake.

Kwenye kochi, miguu ameinyoosha kwa uchovu wa mimba ya miezi minane, alikaa binti yake, ambaye saa ile alipaswa kuwa nyumbani amelala. Kando yake, karibu mno, alikaa dereva wa Mkurugenzi. Funguo za gari zilikuwa katika mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika mkoba wa binti, ule aliopanga ndani yake nguo za mtoto.

Binti alimwona mama yake nyuma ya kioo. Hakujua lolote. Akatabasamu, akampungia mkono.